Mtu wa Upande wa Pili wa Waya

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Hapa Itetemia tu wazima, na mama yako keshavuna karanga.

Umeniuliza kama kompyuta yako ya Dar iachwe ipime mitambo ya Mwanza yenyewe, bila kusubiri mtu wa huko aitikie. Nitakueleza lililonipata.

Miaka ya Ujamaa nilikuwa mpimaji wa laini za simu hapa Tabora. Kipimo changu kilikuwa na mpini. Ukiuzungusha, umeme mkali ulikwenda hadi mwisho wa waya. Siku moja fundi Maganga alikuwa juu ya nguzo, mbali porini. Nilimwita kwenye simu, hakujibu. Nikadhani ameshamaliza, nikazungusha. Sindano ilitikisika mara moja, kisha ikatulia. Nikaandika kwamba waya ni mzima.

Jioni walimleta hospitali ya Kitete: umeme ulimrusha kutoka kwenye nguzo, amevunjika nyonga. Nilimwomba radhi huku nalia.

“Sindano ilikuonyesha nini?” akaniuliza.

“Ilitikisika kidogo tu, kaka.”

“Basi aliyeitikisa ndiye mimi.”

Hakupanda nguzo tena. Nami sikuzungusha tena mpini kabla ya kusikia sauti ya mtu.

Mungu akulinde, pamoja na hao usiowaona.

Bibi yako, Mwajuma