Waliotupa Matawi Yangu

Kigali

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado unalibembeleza na mafuta ya mnyonyo? Wanangu hawakusumbui? Mimi ni mzima, nipo hapa nasubiri kontena lishushwe. Afya ninayo, uvumilivu ndio umeniishia.

Ni wale watu wa filamu niliokutajia kwenye simu, wanaotaka kuionyesha dunia wanawake wa malori ya masafa. Mkubwa wao, mzungu, namwita Bwana Kofia, maana kichwani hana kingine. Tajiri yangu alimkubalia bila kuniuliza. Kwanza Kofia alitaka nipake rangi ya mdomo. Kesho yake akataka nijipake grisi usoni. Hivi nani hutengeneza injini kwa mashavu?

Jana akataka lori lijifanye limeharibika, kwenye mteremko kule Ndera. Nikakata matawi, nikayapanga barabarani nyuma ya gari kuwaonya wanaokuja, kama dereva yeyote aliyefunzwa. Nikiwa uvunguni napigwa picha, kumbe ameamuru yatupwe, eti takataka zinaharibu picha! Lori la ndizi likatokea kwenye kona, likatukwepa hadi likaingiza magurudumu mtaroni. Dereva akaruka chini, akanijia mbio.

"Wewe madamu, majani iko wapi? Unataka kutuua?"

Naulizwa hivyo, Mama. Mimi, mtoto wa Baba! Nilitamani ardhi inimeze. Na lile punguani linapiga makofi, linauliza kama kamera imepata.

Halafu mkalimani wake, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, akanisogelea. "Sista, anasema ulie kidogo. Useme mama yako alikufukuza juu ya hii kazi. Stori itakuwa muzuri."

Wewe, uliyenipeleka mwenyewe chuo cha udereva! Nikakataa. Basi sasa wanakuja Kahama, wakusikie wewe.

Hawajui Baba alikufaje. Hawajui kwamba aliparamia lori bovu ambalo hakuna aliyeliwekea majani. Wakijua, watakuliza mbele ya kamera, na mwanga ukiwa mbaya watakwambia ulie upya.

Nisalimie Mjomba fundi baiskeli, Shangazi wa genge, na wanangu wote wawili. Yule mkubwa aache kuchezea redio.

Hao watu wakifika wakaribishe, sisi si washenzi kama wao. Wape kiti, wape chai, wape na mihogo. Baba usiwape.

Mwanao,
Zuhura