Siku Ulipouma Kitambaa cha Papa

Mpendwa mama,

Leo nimefungua daftari langu kwenye wiki ile ya gari jeusi la daktari, na nimejikuta na swali ambalo ni wewe tu ungeweza kulijibu.

Unakumbuka papa alivyorudi kutoka garaje, akakaa kitini na kofia yake kichwani? Gari la buluu, alilolipaka rangi upya kwa mikono yake, lilikuwa limetoka na mikwaruzo. Kivulini huioni, ukilisogeza juani, inatokea mizunguko myembamba kama nyuzi za buibui. Patron, mwenye garaje, alikuwa amemwambia kwamba gari la daktari likitoka hivyo, hatashika tena bomba la kupulizia rangi. Atarudi kusugua kutu pamoja na wapya.

Mimi, karani mwenye diploma, nilitaka kujua sababu. Saa ya mapumziko nilikwenda kumtazama papa akijaribu kuosha na kupangusa mlango wa zamani aliokuwa ameupaka rangi nyeusi ileile. Kwanza alivua mkanda, ili kifungo chake cha chuma kisikwaruze rangi. Akamwaga maji mengi ili vumbi literemke lenyewe. Ndipo akapitisha kitambaa, kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza.

"Rangi ya juzi iko laini bado," aliniambia. "Juu inakudanganya."

Sikuona kosa lolote. Tulipoubeba mlango juani, mikwaruzo ilikuwepo.

Jioni, nyumbani kwetu Kadutu, nikaandika orodha: maji, upepo, vumbi la barabara, pete ya papa. Ukaniinamia begani.

"Mutoto yangu, vumbi nayo inaandikwaka?"

"Natafuta sababu, maman."

"Leta kile kitambaa papa alirudi nayo."

Ukatia pembe yake mdomoni, ukauma taratibu, macho umefumba, kama ulivyokuwa ukionja unga wa muhogo sokoni kabla ya kununua. Nilisikia jino likilia.

"Iko muchanga," ukasema, ukatema. "Daftari yako haina meno."

Vitambaa vile nilikuwa navifua mimi. Kila Jumamosi, ili nimsaidie papa, nilivipeleka ziwani, nikavipiga sabuni mara mbili, kisha nikavitandaza mchangani, mahali jua linapochoma zaidi. Kwenye orodha yangu niliandika kila kitu, nikajisahau mimi mwenyewe.

Papa akaingia, akatukuta na kitambaa. Ukamwonyesha mchanga.

"Nani alianika hivi?"

"Ni miye," ukajibu kabla sijafungua kinywa.

Akakutazama, akakikung'uta kile kitambaa. "Basi usirudie, maman."

Alipotoka, ukaninong'oneza, "Weye anakusifu kwa garaje nzima. Miye, anisifu kwa nani?" Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Mimi sikucheka, na wala sikumfuata papa kumwambia ukweli.

Tangu siku hiyo vitambaa vilianikwa kwenye kamba, na hakuna kilichotoka nyumbani kabla hujakiuma. Gari jeusi lilitolewa nje jua likiwa kali. Daktari alilizunguka mara mbili, akainama, akarekebisha tai yake kwenye mlango kama mbele ya kioo. Papa bado anashika bomba la rangi, mama, na vijana wa garaje wanamwita mwalimu.

Jumapili hii, tulipotoka kaburini kwako, nilimweleza papa kwamba vitambaa vile nilivianika mimi. Aliendelea kufungua viatu vyake.

"Nilijua siku ile ile. Mama yako alikuwa anaogopa ziwa. Hakushukaka kule hata siku moja. Muchanga angetoa wapi?"

"Sasa, papa, mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nangojea weye."

Basi hilo ndilo swali langu. Wewe ulijua kwamba anajua? Nyumba yetu ina vyumba viwili na ukuta mwembamba, na mimi sikuwahi kusikia lolote. Nawaza kwamba mlilizungumza ninyi wawili kwa sauti ya chini, mkakubaliana kunipa muda. Nimechelewa kuliko mlivyotarajia, lakini nimesema.

Lala salama, mama, mbali na maji.

Ni mimi, mwanao wa kwanza, uliyemfichia kosa.