Kompyuta za Ijumaa

Ipagala, Dodoma
Machi 1999

Dada Penina,

Shikamoo. Anayekuletea barua hii ni Anyesi mwanao. Mpokee, wala usimgombeze kwa kukatisha masomo, ni mimi niliyempandisha basi. Gauni ulilomtumia limemkaa vizuri. Huku mvua zimegoma.

Ile semina ya kompyuta nimeimaliza. Mwanzoni niliogopa hata kushika kipanya, sasa naweza kuwafundisha watoto. Mkufunzi wetu alitusisitizia tusiwashe mashine kama umeme hauna waya unaoingia ardhini. Hapa shuleni fundi hakuuweka. Juzi niligusa bati la kompyuta moja, nikapigwa shoti mpaka begani.

Nikamwambia mwalimu mkuu.

"Edina, Ijumaa mgeni rasmi anakuja," akajibu. "Mtoto atawasha, watu watapiga makofi, tutazima. Fundi atarudi baadaye."

"Mtoto gani?"

"Anyesi. Anajieleza vizuri."

Nilikataa. Akasema basi atamtafuta mwingine. Lakini hao wengine nao ni watoto wa watu, dada, na wote nawafundisha mimi. Kwa hiyo nimemwomba niwashe mwenyewe. Amekubali upesi, bila kunitazama usoni.

Mama asijue lolote. Labda hakutatokea kitu, nami nitakuja Pasaka tucheke. Ila ukiona Jumapili imepita sijakutumia salamu, njoo wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Mdogo wako akupendaye,
Edina