Sahani Zenye Makali

Ifakara, Jumamosi, Julai 1996. Asubuhi baridi, mchana jua, roho chungu kutwa.

Kuanzia Mkula mpaka Masagati hajazaliwa mtu wa kurusha sahani kama mimi. Nikirusha, kunguru wanasogea pembeni na kuiamkia. Kuna moja niliirusha mbali mpaka ikarudi imeota kutu, na sahani yenyewe ni ya plastiki.

Kesho vijana wa Lupiro wanavuka mto na pantoni waje kucheza nasi wawili wawili. Na mimi simo.

Simo.

Kwa asiyeujua, mchezo wetu ni wa kurusha sahani ya plastiki mpaka itumbukie kikapuni, na anayefika kwa mirusho michache ndiye bingwa. Alituletea Mzungu mmoja aliyekuja kuchunguza mbu. Alipoondoka akatuachia gunia la sahani, na vikapu tukatengenezewa na fundi baiskeli: rimu juu, minyororo inaning'inia. Uwanja ni majaruba ya mpunga yakishavunwa.

Sahani tumezipa majina ya samaki wa mto wetu. Mbasa ni zile ngumu, nyembamba, zenye makali ukingoni. Zina mbio, ila zinataka mkono wa nguvu. Mkono ukilegea zinakata kushoto mapema na kudondoka. Kambale ni zile laini, ukingo mnene, taratibu, zinakwenda unakozituma. Anayejifunza hupewa kambale.

Gunia nilikuwa nalo mimi. Nilipokwenda kukata miwa Kidatu nikamwachia Masanja. Masanja ni Msukuma, baba yake alihamia huku na ng'ombe tukiwa bado tunapiga mbizi uchi. Kurusha nilimfundisha mimi. Na kwa kuwa mimi Mndamba, tukafanyana watani. Yeye ananiita mla kambale, mimi namwita mkia wa ng'ombe. Ukitusikia utadhani tutatoana macho, kumbe jioni tunakula sahani moja, hiyo sasa ya ugali.

Miaka minne nimekata miwa. Nimerudi juzi na viatu vipya, leo nikatokea uwanjani kama waziri. Masanja ndiye anapanga watu siku hizi, na mwenzake wa kurusha naye kesho kashikwa na malaria. Nafasi ile nilijua ni yangu. Nimeiwaza njia nzima kutoka Kidatu, kuliko nilivyomuwaza mama, Mungu anisamehe.

Sasa tuna desturi. Aliyekaa mbali na mchezo hajichagulii sahani. Mwenye gunia ndiye anamchagulia, kwa sababu mkono wa mgeni haujijui. Desturi hiyo niliitunga mimi mwenyewe enzi zangu, ili niwe bwana mkubwa. Masanja akaingiza mkono, akanitolea kambale tatu zilizochakaa mpaka zinateleza kama sabuni.

"Anza na hizi, mtani," akasema. "Kambale aliyechakaa hana ubishi, anakwenda moja kwa moja. Mkono ukikumbuka, jioni nakupa mbasa."

"Hizi si ndizo ulizojifunzia wewe?"

"Ndiyo maana nakupa. Zinafundisha."

Vijana wakacheka. Walicheka kidogo, ila sikio langu huwa linakuza. Nikazirudisha kambale zake, nikainamia gunia mwenyewe. Nilichagua kama mtu anayechagua jogoo wa Krismasi: inayong'aa, nzito, yenye makali ya kunyolea ndevu. Mbasa tupu.

Ya kwanza ikakata kushoto, ikaingia kwenye matete.

Ya pili ikakata kushoto, ikampitia jirani na sikio mama mmoja aliyekuwa anaokoteza masuke. Akaniuliza, "Mwanangu, tuna ugomvi?"

Ya tatu niliivuta kwa nguvu zote. Ikatoka kama inawahi Malinyi, halafu ikawa kama imekumbuka jambo, ikageuka kushoto na kumpiga ng'ombe mgongoni. Ng'ombe hata hakuinua kichwa.

Upepo ulikuwepo. Naandika ijulikane.

Masanja akapiga makofi. "Jamani, mla kambale karudi, mkono kausahau kwenye miwa. Tumtume nani akauchukue?"

Utani wa kawaida kabisa huo. Siku nyingine ningegaagaa chini kwa kicheko. Nikamjibu, maana watani hujibizana.

Akafunga mdomo wa gunia, akaliweka miguuni pangu. "Shikeni vitu vyenu," akasema, akaondoka, wala hakuharakisha. Vijana wakaniambia kesho nisionekane, wao wataenda kumbembeleza.

Njia nzima nilikuwa namsema kimoyomoyo. Mtu mzima anasusa. Hasira za kukaa na ng'ombe hizo.

Nimefika nyumbani, mama anapepeta mchele. "Masanja kaleta maziwa," akasema, ungo haujasimama. "Kayaweka mlangoni kageuka, hata shikamoo hakunipa. Masanja huyu huyu. Mmemfanya nini?"

"Hatujamfanya kitu, mama."

"Haya. Wewe umemfanya nini?"

"Ni utani tu."

Ungo ukasimama. "Utani haujawahi kumsahaulisha yule mtoto shikamoo yangu."

Nikaenda kukaa uani. Maziwa sijayagusa.

Nimekaa nikitafuta cha kulaumu, na viko vingi. Mbasa ni sahani ya kiburi. Bega langu la kulia halipandi vizuri, panga la miwa limelimaliza, na hilo sijamwambia mtu. Darasa la saba nilimaliza mimi, kidato cha pili kikanimaliza chenyewe, kwa hiyo hata akili naweza kuilaumu. Lakini mkono unafundishika. Ningekubali zile kambale, nikarusha taratibu kama mtoto, kufikia mavuno yajayo ningekuwa narusha mbasa tena.

Kuna kitu nimekiruka hapo juu.

Msimu huu ng'ombe waliingia kwenye mpunga wa watu. Ukaitishwa mkutano, na watu wakasimama mmoja mmoja wakiwanyooshea wafugaji vidole, wakiwaambia neno moja lile lile. Baba yake Masanja alikaa kwenye benchi la mbele. Hata ng'ombe hawakuwa wake. Mama alinisimulia siku ile ile niliyofika, tena akilia, kwa hiyo siwezi kujifanya sikujua.

Utani una matusi mengi. Ungeweza kumtukana Masanja meno, miguu, ng'ombe, hata maiti wa ukoo wake, akacheka na kukurudishia mara mbili. Mimi leo sikumwita mkia wa ng'ombe. Mbele ya wote, kwa sababu ya sahani tatu zilizokata kushoto, nililiokota neno la mkutanoni. Ndiyo maana hakusema nishike vitu vyangu. Alisema vyenu, mimi na wote waliosimama siku ile.

Nilimwambia, "Rudi kwenu."