Waya yangu nyekundu

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa sita

Kamiyo ya Mama Mwamini tena, ile lori yake ya mizigo. Imefika saa sita, jua kali, moteri iko moto na inaimba kama kwaya ya Paska. Muzee Ramazani, shofere wake, anasema asubuhi ni mambo mengine: inatetemeka, inatoa moshi mweupe, inazima. Ikishapata moto, inapona.

"Dokta, inakunywa upepo," anasema. Dokta ni mimi, fundi wa moteri.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mimi nimetengeneza magari Bukavu, Bujumbura, Kigoma. Kamiyo ya kunywa upepo sijaiona. Nikamwambia kama haikunywa kitu kingine basi imefunga, tungoje Idi. Garaji nzima imecheka. Yeye hapana.

Nimefungua injekteri zote sita. Safi. Nimezirudisha.

Sijui iko na nini. Hilo sitamwambia mutu.

Jumanne, tarehe 4

Kamiyo imelala kwangu. Alfajiri nimekwenda kuisikiliza. Kiangazi hiki, kabla ya jua, baridi inauma masikio. Kweli inatetemeka. Kama mutu wa malaria chini ya blanketi tatu. Nimepima kompresio, nimerekebisha valvu. Hakuna kitu.

Saa nne Mama Mwamini amekuja mwenyewe. Chumvi yake na vitenge vyake vinangoja kwenda Kabambare, na mimi nimeshika kamiyo yake moja tu. Watu wamesimama wanasikiliza. Akauliza, "Dokta, si wewe unasema moteri inakuambia siri zake?"

Aibu. Mudomo ukanitangulia. Nikasema mazuti, ile dizeli ya tangi, ni mbaya, kuna mutu anaiba mazuti na kuchanganya petroli ya taa. Sikutaja jina. Lakini funguo ya tangi inashikwa na mutu mumoja, na Kasongo nzima inamujua.

Jumatano, tarehe 5

Mama Mwamini amemufukuza Muzee Ramazani. Miaka kumi na mbili alimuendeshea. Hakubisha. Ameweka funguo juu ya boneti, amechukua kabegi kake, amepanda pikipiki kwenda kwao Kabambare.

Kabla ya kupanda ameniuliza neno moja. "Dokta, ile mazuti uliinusa?"

Sikuinusa. Nikasema ndiyo.

Bibi yangu amepika sombe na samaki. Sikula. Anafikiri nina mwanamuke mwengine anayenipikia. Ingekuwa afadhali.

Alhamisi, tarehe 6

Nataka kila mutu aone kwamba nilisema kweli. Nimetoa mazuti ya tangi, nimeijaza kwenye bidoni, dumu la plastiki, bidoni nimeifunga juu ya kabini watu waione, mupira wa mazuti umeteremuka moja kwa moja hadi kwenye pompi. Kesho ikiwa baridi nitaiwasha. Itatetemeka mbele ya watu, na maneno yataisha. Nimewaalika mafundi wawili wa garaji ya jirani. Nimewaambia waje na viti.

Ijumaa, tarehe 7

Namushukuru Mungu wale mafundi walichelewa.

Imewaka mara moja. Baridi kali, na haikutetemeka hata kidogo. Na mazuti ni ile ile ya tangi.

Basi mazuti ni safi. Muzee ni safi.

Nimekaa juu ya tairi. Kisha nimeizima, nimelala chini ya kamiyo, nimefuata mupira wa mazuti kutoka kwenye tangi. Kama bidoni imeponyesha, ugonjwa uko njiani, kati ya tangi na pompi. Nyuma ya chasi, pahali pa giza, nimegusa kipande cha kaushu. Kaushu ya tairi ya ndani, imezungushwa pahali mupira ulipopasuka. Juu yake waya nyekundu, mizunguko mitatu, fundo kama ua.

Waya nyekundu ni mimi. Kila siku ninasema: ukiona waya nyekundu, ujue Dokta amepita hapa. Niliifunga mwaka jana, ile siku kamiyo ilikwama kwenye njia ya Salamabila. Muzee alinipa nusu ya muhogo wake. Nikamwambia hii kaushu itaishi kumupita yeye.

Mazuti imeikula. Ikipata baridi inasinyaa, inaacha nafasi, pompi inavuta hewa. Ikipata moto inavimba, inaziba.

Inakunywa upepo. Aliniambia siku ya kwanza, kwa maneno hayo hayo.

Mafundi walipofika nimewaambia betri imekufa. Hakuna aliyeona. Naweza kuweka mupira mupya, kukata waya, na Mama Mwamini ataniita fundi wa dunia. Nimewaza hivyo. Nimewaza hivyo musikitini pia, Ijumaa nzima, imamu akisema.

Jumamosi, tarehe 8

Nimekwenda dukani kwa Mama Mwamini na ule mupira mukononi. Wanunuzi walikuwemo. Nimesema kweli yote mbele yao, kwa sababu na ule uongo niliusema mbele ya watu. 

Mama Mwamini ameangalia waya. "Nenda umulete wewe mwenyewe," akasema. "Na umwambie mimi pia nilikosa."

Pikipiki hadi Kabambare. Nimeanguka mara mbili. Nimemukuta Muzee shambani, anapalilia karanga. Njiani nilitengeneza hotuba nzuri sana, yenye Kifaransa ndani. Imepotea yote. Nimeweka mupira mbele yake.

Ameugeuza, ameugeuza tena. "Imefika mwaka," akasema. "Si mbaya."

Kisha: "Na upepo?"

"Iliunywa, Papa."

Nikamupa na neno la Mama Mwamini. Amenionyesha mukeka wa kulala.

Jumapili, tarehe 9

Amekuja. Njia nzima nyuma yangu, juu ya pikipiki. Kwenye muchanga tulisukuma pamoja.

Jumatatu, tarehe 10

Baridi. Mupira mupya, hauna waya. Muzee amewasha. Imekubali mara moja, imetulia.

Ameshuka, amenyoosha mukono. "Nipe waya yako."

Nimempa. Ameifunga kwenye funguo ya tangi, mizunguko mitatu, amefanya na ua. Funguo ameitundika kwenye kioo, mbele, pahali kila mutu anaona. Wamekwenda na chumvi.

Mpaka saa tatu sikuwa nimemucheka mutu. Bibi yangu ameuliza kama ninaumwa. Kisha pikipiki ya kwanza imekuja, mwenyewe anasema inakohoa. Nimemuomba anieleze tena, polepole.

Nimefungua tangi. Nimenusa.