Mama Yako Alivyoliokoa Kanisa la Mawe

Tawa, Makueni,
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Syokau,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Baridi ya huko Uingereza inakutendeaje, na lile goti lako? Sisi tu wazima, ila sauti zimetukauka kwa kuimba, na sijutii.

Kanisa la mawe halibomolewi tena. Najua limekunyima usingizi tangu nikuandikie kwamba ukuta wa upande wa mnara umepasuka na kamati inataka ukumbi mpya. Mama yako alikuwa amekataa hata uji. Mawe yale aliyabeba kwa mgongo kutoka mtoni, yeye na wanawake wenzake, padri wa wakati huo akipanga matao marefu bila nguzo hata moja katikati.

Basi kamati ikajifanya ina akili nyingi. Ili isilipe vibarua, ikaita mwethya ya kijiji, kikundi chetu cha kazi za pamoja, ije kubomoa. Wanawake walijaa, hata wasio Wakatoliki, maana mwethya haiulizi mtu anasali wapi. Nawe unajua kazi yetu hufuata wimbo, na wimbo huanzishwa na mkubwa wa wote. Mkubwa aliyebaki ni mama yako, Susu, bibi wa kijiji kizima.

Alisimama na fimbo yake, akaanzisha wimbo wa kujenga. Safu nzima ikageuka kuelekea mtoni, ikarudi na mchanga na mawe. Mwenyekiti wa kamati, Ndululu, akamkimbilia, nyundo mkononi.

"Susu, si tulisema tunabomoa?"

"Mwenye wimbo ni mimi. Wewe shika karai."

Akashika.

Msingi uliokuwa umeliwa na maji ya mvua tukaujaza upya, kisha mafundi wakaja kuufunga ukuta kwa vyuma. Padri amesema ukumbi usubiri. Leo misa imesomwa ndani, na kengele imelia kweli kweli. Wengine wanadai ilisikika hadi kule Mbumbuni. Mimi sibishani nao. Nilijivunia mama yako, Shangazi, nikalia mbele ya watu.

Yeye aliketi benchi la mbele, akatandaza leso yake kando. Ndululu alipotaka kukaa hapo, alimwonyesha nyuma. Anasema nafasi hiyo ni ya Syokau wake, na itabaki wazi mpaka Krismasi.

Wasalimie Mjomba Mutisya na watoto. Baba na mdogo wangu Kaveke wanakusalimu. Mungu akulinde safarini, maana sasa huna pa kukwepea.

Mimi mpwa wako, nikupendaye sana,
Nzilani