Fulana ya Grundivaki

Karisa, kenge wewe,

Sikusalimu. Salamu ni za watu waliokufa kwa adabu, na wewe umekufa katikati ya mabishano, ukaniacha na nusu ya maneno mdomoni. Jumamosi iliyopita tumemaliza hanga ivu lako, yale matanga ya pili ya kufungia msiba, na huko yametokea mambo ambayo lazima tuyamalize mimi na wewe. Wengine wote wamekusamehe. Mimi bado.

Kwanza nikupe habari za mazishi, nikitumaini zitakuuma. Tulikuzika kwenu Kaloleni, na dada yako Dama alikuletea kwaya ya kanisa lake pamoja na kinanda, spika nne na ile mashine ya kunyoosha sauti. Ndiyo, mashine ile ile uliyokuwa ukisema ni gongo la kutembelea la watu wasiojua kuimba. Waliimba kuanzia asubuhi. Kila wimbo ulikuwa na mdundo mmoja, maneno matatu na kupiga makofi, yaani pop tupu iliyovikwa joho la kanisa, na wewe umelala hapo katikati ndani ya suti ya rangi ya maziwa. Suti, Karisa! Wewe uliyevaa nyeusi kwenye jua la Kisauni miaka yote mpaka watu wakadhani una nadhiri. Nilikuangalia usoni nikaona kabisa umenuna.

Mchungaji akasimama akasema umekufa baada ya kuzitupa nyimbo za shetani. Dama naye akashuhudia kwamba maneno yako ya mwisho yalikuwa zaburi. Dama hakuwepo. Niliyekuwepo pale wodini ni mimi, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na mamako alikilalia usingizi. Nilikuwa nimekuwekea kwenye simu, kwa sauti ndogo, wimbo wa yule dada ninayempenda, anayeimba kwa kunong'ona. Ukafumbua jicho moja. Figo zimekataa, miguu imevimba, mdomo umekauka, na nguvu zako za mwisho duniani ukazitumia kuniambia, "Zima hiyo takataka." Basi. Hukusema tena. Hiyo ndiyo zaburi yako.

Nilitaka kusimama niseme. Ilikuwa haki yangu, maana ukoo wangu na wako ni watani tangu enzi za mababu, na mtu wetu hazikwi bila mtani kumtukana. Mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu, anamwiga alivyotembea na alivyokula, anafichua uroho wake na uongo wake, mpaka wafiwa wacheke wapate pumzi ya kulia tena. Bibi yangu aliifanya kazi hiyo mpaka uzeeni. Lakini Dama alinishika mkono kando ya kaburi akasema, "Huyu amelala katika Bwana, Sidi. Hatutaki matusi hapa." Wakakufukia ukiwa malaika, na mimi nikarudi Ziwa la Ng'ombe na matusi yako yote tumboni, yamenikaa kama ugali usioiva.

Sasa sikiliza, maana huwezi kunikatiza. Ulikuwa na masikio mabaya. Umesikia? Ulipenda wanaume wanaonguruma kama mashine ya kusaga mahindi iliyokosa oili, ukaniambia hiyo ndiyo kweli. Kweli gani? Mzee ana wajukuu, amevaa suruali ya ngozi inayombana, na bado anamkasirikia babake aliyemwambia afagie chumba. Gitaa linalia peke yake muda wa mtu kutoka hapa kwenda soko la Kongowea akarudi na nyanya, nawe umefumba macho unasema hapo ndipo pazuri. Na rock zako za taratibu, zile za kulia mvuani, ni pop, Karisa. Ni pop yenye nywele ndefu. Nilikuambia hivyo mara nyingi ukakataa, na bado nilikukuta siku moja nyuma ya saluni yangu ukifuta machozi kwa mkono wa fulana, ukasema ni dawa ya nywele.

Na wewe hukunionea huruma. Ulikuwa ukitoka kazini Changamwe, bado una vumbi la magunia ya ngano kwenye nyusi, unaingia saluni bila hodi, unachomoa flashi yangu na kuchomeka yako. Wateja wangu walishtuka wote. Yule bi harusi wa Mtopanga karibu aungue sikio. Nikilalamika unasema, "Sidi, wewe huna masikio, una vishikio vya kikombe." Waimbaji wangu uliwaita matangazo ya sabuni. Ulisema wimbo mmoja wa pop unaandikwa na watu wanane ofisini, kisha anaitwa msichana mzuri aje aukalie. Hilo nililicheka nyumbani nikiwa peke yangu, wala sikukupa raha ya kuniona.

Baba Neema aliponiacha, majirani walikuja na pole na sukari. Wewe ulikuja na flashi. Ukafunga mlango wa saluni, ukafungulia spika mpaka vioo vikatetemeka, ukaniambia nyimbo zangu zimenifundisha kulia kwa adabu, na mtu aliyefanyiwa nilivyofanyiwa hapaswi kuwa na adabu. Nikapiga ukelele. Nilipiga ukelele kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, koo likachubuka, nikalala usiku huo kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Hilo sikuwahi kukushukuru, na sitakushukuru leo. Ulinifaa, ukajisifu kwa majirani kwamba umeniponya kama mganga.

Lakini kilichoniuma miaka yote ni Grundivaki.

Unaikumbuka fulana. Uliichimbua kwenye rundo la mitumba Kongowea, mimi mwenyewe nikiwa nashika mikoba. Nyeusi, ina herufi zilizopindana kama mizizi, zinachuruzika, na katikati nyoka amejikunja. Hatukuweza kuzisoma pale, ukasema jina lisilosomeka ni dalili ya bendi nzito. Kesho yake ukaja umeivaa, umeiingiza ndani ya suruali, ukatangaza kwamba hao ni Grundivaki. Ukasema wanatoka nchi za baridi, misituni. Wana albamu mbili tu, na ya pili ndiyo nzuri kwa sababu walimfukuza mwimbaji. Mpiga ngoma wao aliganda kwa baridi. Kwenye mtandao hawapatikani kwa kuwa mtandao ni wa watu wa pop, na wewe uliwasikia mara moja tu, kwenye kanda ya baharia mmoja pale Changamwe.

Tangu siku hiyo kila nilipokaribia kukushinda unanyoosha kidole kifuani. "Huwezi kuzungumza muziki na mimi, Sidi, hujasikia Grundivaki." Niliwatafuta, Karisa. Nilimaliza bando nikiwatafuta. Hata yule Mzungu aliyemleta mkewe kusukwa nilimwuliza, akakuna ndevu akasema ah, ndiyo, vitu vyao vya zamani vilikuwa vizuri. Nikaona basi ni mimi tu nisiyejua.

Nguo zako zilipogawanywa, mamako alinipa fulana ile. Nikaifua. Nikiianika ndipo nikaona mgongoni, chini kabisa, pale unapoingiza kwenye suruali, kuna mstari mdogo wa Kizungu. Nikausoma nimeshika kibanio mdomoni. Grundvak na Wanawe. Tunanyonya mashimo ya vyoo, usiku na mchana.

Kibanio kilianguka. Nikaandika maneno hayo yote kwenye simu na mara hii wakatokea: lori la kijani, mzee mmoja mwenye buti ndefu, na vijana watatu wamekumbatiana. Nyoka ni mpira wa kunyonyea. Kinachochuruzika kwenye herufi si damu. Miaka yote ulipita Kisauni nzima ukiwa umebeba choo kifuani na kutudharau sote!

Nilicheka nikakaa chini kwenye maji ya kufulia. Halafu nikachukua simu nikupigie. Nilishatafuta jina lako, kidole kiko juu yake, ndipo nikakumbuka. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyochukia dakika hiyo. Nilikuwa nimekushinda. Baada ya matusi yote, vishikio vya kikombe na matangazo ya sabuni, nimekushinda bila ubishi, na mshindwa yuko chini ya udongo Kaloleni amevaa suti ya rangi ya maziwa. Nikakosa hata usingizi kwa swali moja: ulikuwa mjinga au mwongo? Kama hukuusoma mstari ule, wewe ni mjinga. Kama uliusoma, wewe ni mwongo. Nilitaka jibu, na mtu wa kunijibu hayupo.

Basi nikaamua kukuaibisha mbele ya watu. Hanga ivu lilifanyika hapa hapa Ziwa la Ng'ombe, kwa sababu miguu ya mamako imekataa safari. Turubai lilitandwa uchochoroni. Nikaingia nimevaa fulana yako, mkanda wako, nyusi nimezipaka unga, natembea ule mwendo wako wa kuburuta viatu. Dama akainuka kunizuia. Mamako akasema, "Muacheni mtani afanye kazi yake. Mwanangu kazikwa kama mgeni, hata sikumjua." Dama akaketi.

Nikakumaliza, Karisa. Nilinguruma kama waimbaji wako. Nikaeleza maneno yako ya mwisho, na mamako akapiga paja akasema huyo sasa ndiye. Nikasimulia machozi ya nyuma ya saluni. Watu wakashika mbavu. Kisha nikafika kwa Grundivaki. Nikawapa albamu zote mbili, mwimbaji aliyefukuzwa, mpiga ngoma aliyeganda. Nikageuka, nikavuta fulana nje ya mkanda, nikausoma ule mstari kwa sauti na kuutafsiri neno kwa neno. Uchochoro ulilipuka. Wazee walicheka mpaka mmoja akapigwa mgongo apate pumzi. Nikasimama pale nimenyoosha kidole mbinguni, nakuonyesha.

Mamako akainua mkono. Alikuwa anajifuta macho kwa leso. Akasema, "Sidi mwanangu, hilo alilijua. Siku aliyoinunua alinisomea hayo maandishi hapo jikoni, tukacheka hata wali ukaungua. Nikamwambia ai, Karisa, nguo ya choo utaivaaje? Akanambia, mama, hii nitamvalia Sidi."

Watu wakanigeukia. Wote! Kelele waliyonipigia mimi ilizidi waliyokupigia wewe. Miaka yote natafuta bendi ya wanyonya vyoo, namaliza bando, nahoji Wazungu, na wewe unarudi nyumbani kumsimulia mamako nimefikia wapi. Hata Dama alicheka, amejifunika uso kwa kitambaa cha kwaya. Nilizomewa kwenye hanga lako, nimevaa nguo zako, na mtu wa kumrukia hayupo. Nikaanza kucheka nao, kisha kicheko kikageuka kikawa kile kilio cha siku ile saluni, kisicho na adabu. Mamako akaniweka kichwa mapajani akaniacha nilie. Makaburini sikuwa nimelia hata tone.

Kwa hiyo wewe ni mwongo. Nimepata jibu langu na nakuchukia kwalo. Hakuna mwanamume aliyewahi kunivalia kitu, Karisa, na wa kwanza ni wewe, na ulinivalia choo.

Mengine ni madogo. Saluni ipo. Flashi yako ninayo na siichomeki, ila Jumapili nikifagia. Waimbaji wako bado ni wabaya. Jana nilikwenda Kongowea nimeivaa fulana, nimeiingiza ndani ya sketi. Mama mmoja muuza mitumba akaniuliza hao ni kina nani. Nikamwangalia kwa dharau, kama ulivyokuwa ukiniangalia, nikamwambia ni Grundivaki, bendi nzito kupita zote, na kama hajasikia albamu ya pili asizungumze muziki na mimi. Akaona haya. Akatoa simu akaanza kutafuta.

Naahidi hivi: mpaka fulana hii ichanike, nitawaapia watu wote wa Kisauni kwamba mpiga ngoma aliganda kwa baridi. Kwaheri, kenge. Usilale pema. Lala ukigeukageuka, ukijua kwamba nimebaki peke yangu na huu mzaha, na hakuna mwingine anayejua kunidharau vizuri.

Mtani wako,
Sidi